Jules Tinel: Daktari wa majeruhi wa vita aliyeacha jina lake kwenye kifundo cha mkono

Hapa Mwika wapo akina mama wanaokamua ng'ombe alfajiri, mchana wanakata majani, halafu usiku wanaamka kuukung'uta mkono kwa sababu vidole vimekufa ganzi. Wengine wanahofia ni kiharusi.

Ukifika hospitali, daktari anaweza kukugonga taratibu kwa ncha ya kidole kwenye kifundo cha mkono, upande wa kiganja, kisha akuulize kama umehisi shoti kwenye dole gumba, kidole cha shahada au cha kati. Anatafuta mshipa wa fahamu uliobanwa hapo. Kipimo hicho kinaitwa Tinel.

Jules Tinel alizaliwa mwaka 1879 mjini Rouen, Ufaransa, kwenye ukoo wa madaktari. Alisomea Paris na kubobea kwenye mishipa ya fahamu.

Ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Akiwa Le Mans alipokea askari ambao risasi zilikuwa zimewakata mishipa ya fahamu mikononi na miguuni. Sasa, utajuaje kama mshipa unaota upya bila kumpasua mtu tena?

Tinel aligonga tu juu ya njia ya mshipa. Mgonjwa akisikia maumivu, hiyo ni habari nyingine. Akisikia kama sisimizi wanatambaa, basi nyuzi changa zimeshafika pale. Kadiri siku zinavyokwenda, sisimizi hao wanasogea kuelekea vidoleni.

Aliandika hayo mwaka 1915. Miezi kadhaa kabla yake, Mjerumani Paul Hoffmann alikuwa ameshaandika jambo hilohilo, kila mmoja kivyake, nchi zao zikipigana. (Mwaka huo hata hapa Moshi alikuwa bado anatawala Mjerumani, Waingereza waliingia Machi 1916.) Kwa haki, jina lingekuwa la wote wawili, na wapo wanaoliita hivyo.

Kwa Tinel sisimizi walikuwa habari njema. Kwenye kifundo cha mkono maana yake imegeuka: mshipa unabanwa. Aliyeeneza matumizi hayo ni Mmarekani George Phalen wa Cleveland, kuanzia miaka ya 1950, pamoja na kipimo chake mwenyewe: unakunja vifundo viwili, migongo ya viganja ikigusana, kwa sekunde 60, uone kama ganzi inakuja.

Ila usijigonge nyumbani ukajipa majibu. Wapo wagonjwa wasiohisi kitu wakigongwa, na wapo wazima wanaoruka. Ndiyo maana daktari mzuri hachoki kuuliza maswali: ganzi inakuja usiku? Kidole kidogo kimesalimika? Una kisukari? Una mimba? Ukichelewa sana, nyama za chini ya dole gumba zinaweza kusinyaa, na hizo kuzirudisha ni kazi.

Tinel mwenyewe hakubaki kwenye neva za mikono tu. Mwaka 1922 yeye na wenzake walieleza mgonjwa ambaye presha yake ilikuwa ikipanda ghafla kwa sababu ya uvimbe kwenye tezi iliyo juu ya figo.

Vita ya Pili ilimkuta mzee wa miaka 60 na ushee. Familia yake iliingia kwenye upinzani wa siri dhidi ya Wajerumani. Alifungwa. Mwanawe Jacques alikamatwa na kufia kwenye kambi ya mateso ya Dora.

Tinel alifariki mwaka 1952.