Joseph Murumbi: Makamu wa Rais Aliyeacha Kiti, Duka Lake Likabadilisha Luku na Ngoma

Kama uko Migori ama Homa Bay na unapenda kutokea kwa shoo ya nyatiti umepiga shanga na kitambaa cha Kiafrika, kuna buda mmoja unafaa kumjua. Shuleni walikwambia tu Joseph Murumbi alikuwa makamu wa pili wa rais. Hawakukupea story tamu.

Jamaa alizaliwa Eldama Ravine mwaka wa 1911, babake Mgoa, mathe Mmaasai. Akasomea India, akapigania uhuru akiwa Uingereza, na 1966 akapewa umakamu. Mwaka haukuisha. Beshte yake Pio Gama Pinto alikuwa amepigwa risasi Februari 1965, na hiyo kitu ilimuuma vibaya. Murumbi akaachia kiti mwenyewe. Nitajie mwanasiasa wa siku hizi anaweza hiyo!

Sasa cheki alichofanya baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 70, yeye, mkewe Sheila na Mmarekani Alan Donovan walifungua duka Nairobi, African Heritage. Vito, vinyago, vitambaa vya Afrika nzima. Vitu ambavyo masupuu wa mjini walikuwa wanaona ni vya ushago vikapanda stejini, vikivaliwa na wanamitindo.

Na shoo ya mavazi bila ngoma ni ya nini? 1979 ikazaliwa African Heritage Band. Ndani kulikuwa na msee anaitwa Job Seda. Humjui? Unamjua. Ni Ayub Ogada, yule wa Kothbiro. Alishika nyatiti, ile ile ya nyuzi nane ya wazee wetu, akaipeleka London, akaipiga mpaka kwa stesheni za treni. 1993 akatoa albamu na Real World, lebo ya Peter Gabriel. 2005 Kothbiro ikaingia kwa filamu ya The Constant Gardener.

Murumbi hakuona hayo. Alikuwa amejenga Trans Mara, majirani wenu hapo Migori. Nyumba yake ya Muthaiga aliiuzia serikali ndio sanaa itunzwe. Wakaibomoa. Akafa Juni 1990, akazikwa City Park, karibu na Pinto.

Duka nalo lilifungwa 2003. Lakini ukishuka Nairobi, unajua pale Archives watu hukutania wakingoja madem? Ingia ndani siku moja. Zile sanaa za chini, ni zake.