Ludwig wa Pili: Mfalme na Kasri la Kilimani

Mgala muue na haki mpe. Usemi huu wa wahenga unatufaa tunaposimulia maisha ya Ludwig wa Pili, mfalme wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Wapo waliomwita mwendawazimu, na wapo waliomwona kuwa msanii aliyezaliwa bahati mbaya katika ukoo wa kifalme.

Ludwig alizaliwa tarehe 25 Agosti 1845 katika kasri la Nymphenburg, Munich. Sehemu kubwa ya utoto wake ilipita Hohenschwangau, kasri ambalo babake, Maximilian wa Pili, alikuwa amelifufua kutoka magofuni. Kuta zake zilisheheni michoro ya visa vya kale, kikiwemo kile cha Lohengrin, shujaa anayewasili kwa mashua inayokokotwa na bata maji. Yamkini mbegu ya yote yaliyofuata ilipandwa hapo.

Maximilian alifariki Machi 1864, naye Ludwig akarithi taji akiwa na umri wa miaka 18 tu. Miongoni mwa amri zake za kwanza ilikuwa kumtafuta Richard Wagner, mtunzi wa opera aliyekuwa akiwakimbia wadai wake. Mfalme alimlipia madeni na kumtunza. Mawaziri walinung'unikia gharama hizo na ushawishi wa mtunzi huyo, hata Desemba 1865 Ludwig akalazimika kumwondosha Munich. Hata hivyo, mkono wake haukukunjika: mkopo alioutoa mwaka 1874 ndio uliookoa ujenzi wa ukumbi wa Bayreuth, uliofunguliwa mwaka 1876.

Siasa haikumwendea vyema. Mwaka 1866 Bavaria ilipigana upande wa Austria dhidi ya Prussia, ikashindwa. Ikabidi iahidi kuliweka jeshi lake chini ya Prussia panapozuka vita, na mwaka 1871 ikamezwa na dola jipya la Ujerumani. Ludwig akabaki na taji lililopungukiwa na nguvu. Hapo ndipo alipozidi kujitenga na watu, akajitafutia enzi nyingine katika ulimwengu wa ubunifu.

Jiwe la msingi la kasri linalojulikana leo kama Neuschwanstein liliwekwa tarehe 5 Septemba 1869, juu ya jabali linalotazamana na makao ya utoto wake. Jambo la kuzingatiwa na mwanafunzi wa fasihi ni kwamba michoro ya awali ilitoka kwa Christian Jank, mchoraji wa mandhari za jukwaani. Kasri hilo, basi, lilianza kama mandhari ya tamthilia. Minara yake ni ya zama za kale, ilhali ndani mna maji ya mfereji, simu, na mitambo ya kupasha vyumba joto. Ukumbi wa Waimbaji umepambwa kwa kisa cha Parzival, babake Lohengrin. Ukumbi wa Enzi nao hauna kiti cha enzi hadi leo.

Ujenzi huo uliwapa wenyeji ajira. Mwaka 1870 mafundi waliunda chama cha kuwafaa wagonjwa na majeruhi, naye mfalme akakichangia. Walakin, Ludwig alikuwa akijenga pia Linderhof na Herrenchiemsee. Posho yake ya kifalme ilipokwisha, alikopa. Kufikia mwaka 1885 madeni yalikuwa takriban marki milioni 14, na bado alitaka kuendelea kujenga.

Mawaziri waliamua kumng'oa. Madaktari wanne wakiongozwa na Bernhard von Gudden walitia sahihi ripoti iliyomtangaza kuwa mwendawazimu, bila kumpima ana kwa ana. Alikamatwa tarehe 12 Juni 1886 katika kasri lake hilo, akapelekwa Berg, kando ya ziwa Starnberg. Jioni ya siku ya pili alitoka kutembea na Gudden. Usiku maiti zao zikapatikana majini. Chanzo cha vifo hivyo kinabishaniwa hadi leo.

Alikuwa ameishi Neuschwanstein kwa siku 172 tu, na vyumba vingi havikuwa vimekamilika. Alilijenga kasri hilo awakimbie watu. Lakini tarehe 1 Agosti 1886, majuma saba tu baada ya kifo chake, milango ilifunguliwa kwa wageni wenye kulipa kiingilio. Katika miaka ya karibuni wageni wamezidi milioni moja kwa mwaka, na mwaka 2025 UNESCO ililiorodhesha pamoja na majengo yake mengine matatu kuwa urithi wa dunia.

Ufanisi huo haufuti madeni wala uzembe wake katika shughuli za dola. Hata hivyo, kosa la ubadhirifu ni moja na hukumu ya wazimu ni nyingine, na mshtakiwa hakupewa nafasi ya kujitetea. Anayepanda kilima kile leo huonyeshwa jinsi mfalme alivyoota. Ni vyema akumbuke pia jinsi alivyohukumiwa.