Gary Kildall: Mwenye neno BIOS unaloliona ukiwasha laptopu

Juzi hapa Sori stima iliporudi jioni, kila mtu alikimbilia kuchaji simu. Binamu yangu alikimbilia laptopu yake ya mtumba. Alikuwa ameingia mahali akabonyeza-bonyeza, na tangu siku hiyo skrini ikawa nyeusi tititi, na mstari mmoja tu wa Kiingereza unaosema mashine haioni diski ya kuwashia. Fundi fulani alishamwambia diski imekufa, alete elfu tatu.

Nilizima, nikawasha tena huku nikigonga F2 kama mtu anayebisha mlango usiku. Ile kurasa ya mipangilio ikafunguka. Pale kwa hali ya kuwasha palikuwa pameandikwa Legacy. Nikaweka UEFI, nikahifadhi, nikatoka. Nembo ya kampuni ikatokea katikati ya skrini, vidoti vikaanza kuzunguka chini yake. Diski ilikuwa nzima. Mashine ilikuwa inatafuta mlango wa zamani kwa nyumba yenye mlango mpya, basi.

Dogo akaniuliza hiyo BIOS iliyoandikwa pale juu ni kampuni gani. Si kampuni. Ni neno lililotoka kwa jamaa mmoja anayeitwa Gary Kildall, na wacha nikuambie, hadithi yake imenisumbua wiki nzima.

Kildall alizaliwa Seattle, Marekani, tarehe 19 Mei 1942, kwa familia iliyokuwa na shule ya kufundisha ubaharia. Ndoto yake ilikuwa kuwa mwalimu wa hesabu. Akaingia Chuo Kikuu cha Washington, akakutana na kompyuta, hesabu ikasahaulika kidogo. Wakati wa kuitwa jeshini ulipofika, utumishi wake ukawa wa chaki: alifundisha kwenye chuo cha Jeshi la Wanamaji kule Monterey, California. Mwaka wa 1972 akapata shahada ya uzamifu ya sayansi ya kompyuta.

Miaka hiyo Intel walikuwa wameanza kuuza vichakataji vidogo, na wengi waliona ni vitu vya taa za barabarani na mashine za kiwandani. Kildall aliona kompyuta nzima mle ndani. Akawafanyia Intel kazi za ushauri, akawatengenezea lugha ya programu iitwayo PL/M. Kisha akapata kifaa cha kusoma diski laini, rafiki yake John Torode akamsaidia upande wa saketi, na kufikia 1974 alikuwa na mfumo wa uendeshaji unaoitwa CP/M. Intel hawakuuchukua. Yeye na mkewe, Dorothy McEwen, wakaanzisha kampuni yao mjini Pacific Grove na kuipa jina la utani kabisa, Intergalactic Digital Research. Baadaye ikabaki Digital Research.

Sasa shida ilianza pale kila kampuni ilipotengeneza kompyuta yake kivyake. Kibodi tofauti, skrini tofauti, diski tofauti. Kila mashine mpya ikija, Kildall alipaswa kuingia ndani ya CP/M na kurekebisha.

Fikiria mnunuzi wa samaki anayetoka Nairobi bila kujua lugha za huku ziwani. Akija Sori anahitaji mtu wa kumtafsiria Kijaluo. Akienda Port Victoria kule Busia anahitaji wa Kinyala. Yeye mwenyewe habadiliki, pesa zake na mizani yake ni zile zile. Kinachobadilika ni mkalimani tu. Kildall alifanya hivyo hivyo. Katikati ya miaka ya sabini alizikata zile sehemu zote zinazoongea na vyuma, akaziweka kando kwenye kipande kidogo, akakiita BIOS: mfumo wa msingi wa kuingiza na kutoa data. Mashine mpya ikija, unaandika mkalimani mpya, CP/M inabaki vile ilivyo. Kwangu mimi hapo ndipo programu moja ilipata ruhusa ya kutembea kwenye kompyuta za watu tofauti.

CP/M ikavuma. Halafu mwaka wa 1980 IBM wakabisha.

Hapa ndipo wengi hupendea uongo. Ati Kildall alienda kurusha ndege kujifurahisha, akawaacha IBM mlangoni, akapoteza utajiri wa karne. Kweli alipenda ndege kupindukia, na kweli siku hiyo alikuwa ameruka. Lakini alikuwa ameenda kumwona mteja. Mazungumzo ya biashara yalikuwa kazi ya Dorothy, na Dorothy alipewa mkataba wa kuficha siri ambao wakili wao aliuogopa. Kama Kildall alirudi akakutana nao mchana huo au la, waliokuwepo hawakukubaliana hadi leo. Kumwita mzembe kwa ushahidi kama huo ni uvivu.

IBM wakaenda kwa Microsoft. Microsoft hawakuwa na mfumo, wakanunua mmoja uliokuwa umeandikwa na Tim Paterson huko Seattle, ambao kwa programu ulifanana sana na CP/M. Kildall alilalamika, IBM wakakubali kuuza CP/M pia. Lakini kompyuta yao ilitoka 1981, na mfumo wa Microsoft uliuzwa kama dola 40, wa Kildall dola 240. Wewe ungenunua gani? Na ndani ya mashine hiyo hiyo, ile chipu ya kuwashia, IBM waliiita BIOS. Neno lake lilipita mlango ambao yeye mwenyewe alifungiwa.

Usimhurumie kama maskini, hapana. Alikuwa na pesa, magari na ndege. Alitangaza kipindi cha runinga cha Computer Chronicles pamoja na Stewart Cheifet, na huko unamwona mwalimu kabisa, mpole, anafafanua bila kujigamba. Kampuni yake iliuzwa kwa Novell 1991.

Kilichomuuma ni kingine. Mwaka wa 1992 idara ile ile iliyompa uzamifu ilisherehekea miaka 25, na mzungumzaji mkuu akawa Bill Gates, aliyeacha Harvard. Kildall aliandika kumbukumbu zake baada ya hapo na kuwapa marafiki wachache. Alifariki tarehe 11 Julai 1994, siku chache baada ya kuumia kichwa katika baa moja Monterey, akiwa na miaka 52. Sehemu ya kumbukumbu hizo iliachiliwa na watoto wake 2016.

Nikubali kitu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kwa miaka mitatu jibu langu nyumbani limekuwa Gates. Mama akiuliza, Gates. Mjomba akiuliza, Gates. Sikujua upande wa pili wa hadithi una mwalimu mwenye uzamifu.

BIOS yenyewe imezeeka. Iliwaka kwa mtindo wa biti 16, na mpangilio wa diski ulioendana nayo uligota kwenye terabaiti 2. UEFI, iliyotokana na kazi ya Intel ya miaka ya tisini, ndiyo imeshika usukani, na Windows 11 inaidai. Ile Legacy ya binamu yangu ni UEFI inayojifanya BIOS ya zamani ili programu kongwe zisishtuke. Ndiyo maana ukibadilisha hali, hata sura ya kuwaka inabadilika: Windows ya juzi-juzi kwenye UEFI kwa kawaida huacha nembo ya mtengenezaji, kwenye Legacy inaleta dirisha lake lenyewe. Lakini ile kurasa ya F2, mafundi na hata watengenezaji bado wanaiita BIOS.

Nilimwonyesha mama picha ya Kildall kwenye simu, nikamsimulia yote. Alisikiliza huku akipepeta omena. Akauliza kama huyo alimaliza chuo. Nikasema alimaliza. Akaendelea kupepeta.