Sauti ya Jimmie Rodgers iko chini, na si kosa lake

Kwenye kibanda ninachofanyia kazi hapa Karagita, wateja huleta malalamiko ya aina mbili tu. Moja, nyimbo zimekataa kusoma kwenye redio. Mbili, sauti. Ngoma moja inanong'ona, inayofuata inakupasua sikio.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Mtu anatoka zamu kwenye shamba la maua, analeta memori kadi au flashi, anataja nyimbo anazotaka, namjazia, ananilipa. Niliacha chuo karo ilipokwama, na kusema ukweli kibanda hiki kimenifunza kompyuta kuliko yale madarasa. Sasa kuna mzee mmoja, soja wa usiku, mtu wa kutoka Bomet, ambaye mwaka jana alinirudishia flashi akiwa amekasirika. Nilikuwa nimemjazia kantri, maana huku Bonde la Ufa usipokuwa na kantri ni kama hujafungua duka. Shida ilikuwa Jimmie. Hasikiki. Mzee anaongeza sauti mpaka mwisho ndipo amsikie, halafu Kenny Rogers anaingia na kuamsha shamba zima.

Mimi nilidhani hao wawili ni ndugu. Wala! Hata majina hayaandikwi sawa: wa kwanza ni Rodgers, ana d katikati. Na wakati Kenny anazaliwa mwaka 1938, Jimmie alikuwa kaburini miaka mitano tayari.

Kwa hivyo nilikaa chini nikamsoma huyu buda.

Jimmie Rodgers alizaliwa Septemba 8, 1897, upande wa Meridian, jimbo la Mississippi, Marekani. Mamake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo. Babake, Aaron, alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli, na kijana akakulia huko huko kwenye njia ya treni. Alipelekea wafanyakazi maji. Wengi wao walikuwa watu Weusi waliokuwa wakinyoosha na kurekebisha reli, na waliimba ili mikono yao isukume kwa pamoja. Hapo ndipo Jimmie alipookota muziki wake. Akiwa na miaka kumi na mitatu hivi alishinda shindano la kuimba, kichwa kikavimba, akatoroka nyumbani kufuata msafara wa wauza dawa waliokuwa wakivuta watu kwa nyimbo. Babake akamrudisha na kumtafutia kazi. Akawa mfunga breki wa treni, ile kazi ya kupanda juu ya mabehewa kwenye baridi na mvua.

Mwaka 1920 alimuoa Carrie Williamson. Walipata binti wawili, na mdogo, June, akafariki mwaka 1923 akiwa na miezi sita. Jimmie alikuwa safarini akitafuta riziki. Inasimuliwa kwamba aliweka banjo yake rehani ili apate nauli ya kurudi kuzika.

Mwaka uliofuata, 1924, akaambiwa ana kifua kikuu. Alikuwa na miaka ishirini na saba.

Wakati huo TB haikuwa na tiba. Streptomisini, dawa ya kwanza iliyoweza kuikabili, iligunduliwa mwaka 1943. Daktari alikuwa anakwambia upumzike, ule vizuri, upate hewa safi, basi. Kazi ya reli ikawa imeisha. Mtu wa mapafu mabovu akaamua atafute mkate kwa kazi inayotaka mapafu kuliko zote: kuimba. Tena si kuimba hivi hivi. Mtindo wake ulikuwa ule wa kuirusha sauti kutoka kifuani hadi juu kabisa ghafla, kisha kuiangusha, kama mtu anayeita mbuzi kutoka mlima wa pili. Jaribu ukiwa na mafua uone.

Nafasi ilikuja Agosti 1927. Ralph Peer, mtu wa kampuni ya Victor, alikuwa amefika Bristol, mji ulio juu ya mpaka wa Tennessee na Virginia, na mitambo ya kunasa sauti. Jimmie alikuwa na bendi, lakini wakazozana kuhusu jina la kuandikwa kwenye santuri. Bendi ikaenda kurekodi bila yeye. Akabaki na gitaa lake, na tarehe 4 Agosti akarekodi nyimbo mbili peke yake, akapewa dola 100. Novemba mwaka huo huo alirekodi huko Camden, New Jersey, ule wimbo wa kwanza wa Blue Yodel, na hapo mambo yakalipuka. Santuri zikauzwa kwa mamia ya maelfu. Yule aliyeachwa na bendi yake akajenga jumba kule Kerrville, Texas, mahali alipochagua kwa sababu ya hewa.

Chapaa ilikuja na ikatoka. Alitumia kama mtu anayejua tarehe yake. Julai 1930, Los Angeles, alirekodi wimbo ambao ndani yake kuna tarumbeta ya Louis Armstrong na piano ya Lil Hardin: mzungu wa Mississippi na wanamuziki Weusi chumba kimoja, miaka ile. Januari 1931 akaimba wimbo kuhusu ugonjwa wake mwenyewe, T.B. Blues, bila kuficha kitu. Fikiria ujasiri huo. Hapa kwetu hata leo mtu wa TB anaficha dawa wenzake wa chumba wasizione.

Sasa turudi kwa flashi ya mzee, maana hapa ndipo nilipogundua kosa langu.

Nilikuwa nimesawazisha sauti za nyimbo zote kabla ya kumpa. Nilitumia Audacity, ile programu ya bure, nikabofya amri ya kusawazisha, nikaenda kunywa chai. Lakini amri ile niliyobofya inafanya kitu kimoja tu: inatafuta ncha ndefu kuliko zote kwenye wimbo, halafu inapandisha au kushusha wimbo mzima hadi ncha hiyo iguse dari. Kwa nyimbo za leo si mbaya. Kwa santuri ya mwaka 1927 ni balaa, kwa sababu ncha ndefu kuliko zote si sauti ya Jimmie. Ni mkwaruzo. Ni mahali sindano ilipogonga ufa au vumbi, tukio fupi kuliko kupepesa jicho. Programu inaona mkwaruzo umegusa dari, inasema kazi imekwisha. Jimmie anabaki sakafuni.

Kenny kwa upande wake alirekodiwa kwenye studio safi, na faili yangu ilikuwa ya zile santuri zinazotolewa upya, ambazo mafundi huzibana hadi kila kitu kiko karibu na dari. Ncha zao ziko sawa kabisa, Jimmie na Kenny. Masikio ndiyo yanayojua tofauti.

Dawa yake ni kupima wastani jinsi sikio linavyosikia, badala ya kupima ncha. Mwaka 2001 David Robinson alipendekeza njia hiyo na kuiita ReplayGain, na programu inayoitwa MP3Gain inaitumia. Inasikiliza wimbo mzima, inakadiria ukubwa wake, halafu inaupeleka kwenye kiwango kimoja na wenzake, kwa kawaida desibeli 89. Uzuri wake ni kwamba haipiki MP3 upya. Inabadilisha tu namba ndogo ndani ya faili, hatua kwa hatua ya desibeli 1.5, na ukijuta unaweza kuirudisha ilivyokuwa. Programu nyingine huandika kiwango kama lebo pembeni, na redio zetu ndogo za flashi hazisomi lebo. Kwa hivyo kwa wateja wa Karagita, ni MP3Gain.

Na jambo ambalo sikulitarajia: dawa haikuwa kumpandisha Jimmie sana. Ukimpandisha, mikwaruzo inagonga dari na kupasuka. Kilichotakiwa ni kumshusha Kenny. Mzee anafungua sauti ya redio mara moja mwanzoni, kisha haigusi tena.

Nilijaribu pia kusafisha. Kwanza niliifanya faili kuwa ya njia moja, maana santuri za wakati huo zina njia moja tu, na njia ya pili inakuletea kelele za bure. Hiyo ilisaidia sana. Kisha nikaondoa mikwaruzo, ikasaidia. Kisha nikawa na tamaa, nikaondoa na ule mvumo wa chini wote, nikavuta kitelezi mpaka mwisho. Faili ikatoka safi kama maji ya chupa, na Jimmie akawa anaimba kutoka ndani ya ndoo. Miisho ya maneno, pale sauti inapozimika polepole, ilikuwa imefyekwa pamoja na kelele. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote ya muziki yalikuwa vita vya kutafuta pumzi, na mimi nimekaa kwenye kibanda nikizikata kwa panya ya kompyuta. Nilifuta, nikaanza upya, nikaacha mvumo wake.

Mei 1933 Jimmie alisafiri hadi New York kurekodi kwa mara ya mwisho. Pesa zilikuwa zimekwisha, familia ilihitaji kitu cha kubakia nacho. Alikuwa na muuguzi. Studio iliwekewa kitanda kidogo. Anaimba, analala, anaamka, anaimba tena. Mei 24 alimaliza. Usiku wa kuamkia Mei 26, kwenye Hoteli ya Taft, mapafu yalitoa damu na akafariki. Miaka 35. Kwa muda usiofika miaka sita alikuwa ameacha nyimbo zaidi ya 100. Mwili ulirudishwa Meridian kwa treni, na inasimuliwa kwamba dereva aliipiga honi kwa sauti ya chini, ndefu, hadi wakafika.

Hadithi ingekwisha hapo kama si Kapkatet.

Santuri za Jimmie zilisafiri mbali kuliko yeye. Kuna zilizofika hadi nchi ya Wakipsigis, inasemekana zikiletwa na wamishonari pamoja na gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono. Gramafoni ile haina kitufe cha sauti, ukitaka kusikia unasogea. Watu walisogea. Wakasikia mwanamume asiyeonekana, anayeimba kwa lugha isiyojulikana na kurusha sauti kama mnyama. Jina Jimmie Rodgers likapita kwenye ndimi za Kipsigis likatoka Chemirocha.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi nyimbo, alifika Kapkatet. Alinasa nyimbo tatu zenye jina hilo. Ile inayojulikana zaidi imeimbwa na Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake, wakifuatana na kinubi. Tracey aliandika kwamba katika wimbo huo Chemirocha ni kiumbe nusu mtu, nusu paa. Jimmie alikuwa amekufa miaka 17. Mtu wa reli kutoka Mississippi, aliyeshindwa kupumua, akawa anarukaruka kwenye milima ya chai akiwa na kwato.

Kanda za Tracey zilihifadhiwa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ILAM, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Zilikaa huko miongo. Mwaka 2015, baada ya kanda kugeuzwa kuwa faili za kompyuta, ILAM ilishirikiana na mradi wa Singing Wells na Ketebul Music ya Nairobi kuzirudisha kwa Wakipsigis. Baadhi ya waliorekodiwa walikuwa bado hai, wazee sana, wakaisikia tena sauti yao ya ujana.

Aliyenitajia neno Chemirocha mara ya kwanza ni yule yule mzee wa flashi. Aliporudi na zamu ya asubuhi imeingia, nilimwekea Jimmie aliyerekebishwa, na baada yake wale wasichana wa Kapkatet. Faili yao niliipata ikiwa FLAC, aina ambayo redio yake haiijui, kwa hivyo niliigeuza mara moja tu kuwa MP3 ya 320. Usiigeuze MP3 kuwa MP3 nyingine jamani, kila mara inapoteza kitu. Nikazipima zote mbili, nikaziweka kiwango kimoja.

Mzee alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, kofia ya kazi mkononi. Jina lilipofika alicheka peke yake, akaniomba nirudie, nikarudia mara tatu, watu wa foleni wakaanza kulalamika. Kisha akanipa maagizo: Jimmie awe wa kwanza, wasichana wamfuate, na Kenny nimweke mwisho kabisa, karibu na saa kumi na mbili, wakati wa kuamsha watu.