Leonhard Euler (1707–1783): Mwanahisabati Aliyetupa f(x)

Leonhard Euler alizaliwa tarehe 15 Aprili 1707 mjini Basel, Uswisi. Baba yake alikuwa mchungaji na alitaka mwanawe afuate kazi hiyohiyo. Lakini Johann Bernoulli, mwanahisabati mashuhuri wa mji huo, alikiona kipaji chake. Kila Jumamosi alasiri Euler alimpelekea maswali yaliyomshinda. Hatimaye baba alikubali kijana asome hisabati.

Mwaka 1727 Euler alihamia St Petersburg, Urusi, kufanya kazi katika Akademia ya Sayansi. Huko, katika miaka ya 1730, alianza kuandika fanksheni kwa herufi f ikifuatwa na mabano. Fanksheni ni kanuni inayopokea namba na kutoa jibu moja tu. Kabla yake, Bernoulli alikuwa ameandika herufi ya Kigiriki na x bila mabano, na mtu angeweza kudhani ni kuzidisha. Kwa alama ya Euler, f ni jina la kanuni, na kilicho ndani ya mabano ndicho kinachoingia.

Watahiniwa wengi hukosea hapa. Chukua f(x) = x² + 1. Basi f(2) = 5 na f(3) = 10; jumla yake ni 15. Lakini f(2 + 3) ni f(5), yaani 26. Kama f ingekuwa namba inayozidisha mabano, majibu hayo mawili yangelingana. Hayalingani, kwa sababu f si namba.

Mwaka 1741 Euler alihamia Berlin. Kitabu chake cha mwaka 1748 kiliiweka fanksheni katikati ya somo la hisabati. Wakati huo jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha kupoteza uwezo wa kuona. Alirudi St Petersburg mwaka 1766, na mwaka 1771, baada ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akawa karibu kipofu kabisa. Mwaka huohuo nyumba yake iliungua. Hakuacha kazi: alikokotoa kichwani, na wanawe pamoja na wasaidizi wakaandika aliyowatamkia. Alifariki tarehe 18 Septemba 1783, akiacha maandishi zaidi ya 800.

Zingatia: Ukiombwa f(5), umepewa kinachoingia, weka 5 mahali pa kila x. Ukiambiwa f(x) = 5, umepewa kinachotoka; tafuta x.

Jipime: Ikiwa f(x) = 2x − 7, tafuta (a) f(5); (b) thamani ya x iwapo f(x) = 5.

Majibu: (a) 3; (b) x = 6.