Waddington na Siri ya Kiinitete

Likizo iliyopita, nyumbani kwangu mtaani Dallas, mjini Embu, mpwa wangu asomaye shule ya sekondari aliniletea swali: iwapo seli zote za mwili zina jeni zile zile, mbona moja huwa ya jicho na nyingine ya ini? Nilianza kumjibu kwa Kiingereza, naye akaniomba nimweleze kwa Kiswahili. Mimi, daktari wa isimu, nikababaika. Aibu ilioje! Ndipo nilipomkumbuka Conrad Hal Waddington.

Bwana huyu alizaliwa mwaka wa 1905 huko Evesham, Uingereza. Utotoni aliishi kusini mwa India, ambako babake alikuwa mkulima wa chai, zao ambalo wasomaji wa miinuko ya Embu na Meru hawahitaji kuelezwa. Alisomea jiolojia Cambridge kabla ya kuvutwa na viinitete.

Mwaka wa 1924, Wajerumani Hans Spemann na Hilde Mangold walikuwa wameonyesha kwamba kipande kidogo cha kiinitete cha salamanda, kikipandikizwa katika kiinitete kingine, huziamrisha seli jirani zijenge mwili wa pili. Waddington alidhihirisha uwezo kama huo kwa kuku, kisha akageukia sungura, mamalia kama sisi. Yeye na Joseph Needham wakaisaka kemikali itoayo amri. Msako huo uliwavunja moyo. Tishu iliyokwisha kuuawa iliamrisha. Hata rangi ya maabara iliamrisha! Walikuwa wakimtafuta bwana mmoja mwenye ufunguo, kumbe kila mpita njia akibisha hodi alifunguliwa. Wengi wangalikata tamaa. Yeye aliyaelekeza macho kwenye seli yenyewe inayopokea amri na jeni zilizomo, na mwishoni mwa miaka ya 1930 akaenda Marekani kuchunguza jeni za mbawa za nzi wa matunda.

Mwaka wa 1942 akabuni neno epijenetiki, ambalo, kama yalivyo maneno, limekwisha kumponyoka na kubeba maana nyingine. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1957 alichora mpira juu ya mlima wenye mabonde yanayogawanyika. Chini ya ardhi, kamba zilizofungwa kwenye jeni huvuta na kuyaumba mabonde hayo. Mtu wa Embu, aliyekulia penye miteremko ya Mlima Kenya, huuelewa mchoro huu upesi. Ila mito yetu hukutana tena Tana, ilhali seli iliyoteremka bonde la ini kwa kawaida hairudi kukutana na ya jicho.

Waddington alifariki mwaka wa 1975 mjini Edinburgh, alikofundisha tangu 1947, bila kuzijua kamba hizo barabara. Leo twajua kwamba miongoni mwazo ni protini zinazoishika DNA na kuamua jeni ipi inukuliwe, ipi inyamaze. Oct4 huzizuia seli changa za kiinitete kujiamulia mapema. Pax6 huongoza ujenzi wa jicho. Mwaka wa 2006, Shinya Yamanaka na mwenzake Kazutoshi Takahashi walitia jeni za protini nne za aina hiyo katika seli za ngozi ya panya, nazo zikaukwea mlima upya.

Unukuzi! Neno lile lile nilifundishalo katika fonetiki mwaka nenda mwaka rudi. Nilimrudia mpwa wangu na jina vidhibiti-unukuzi. Akauliza ni nani basi avidhibitiye vidhibiti. Nikamjibu kuwa ni vidhibiti vingine, na vingine hujidhibiti vyenyewe. Akaandika.