Sam Ntiro: Mchoraji Aliyeandika Kiswahili

Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, alidhihirisha kwamba maisha ya msanii yanastahili nathari nzuri ya Kiswahili. Wasanii wa brashi hawajapata bahati hiyo kwa kiasi kinachofaa. Miongoni mwao yumo Sam Joseph Ntiro, ambaye anastahili nafasi katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu mbili. Alikuwa mmoja wa wachoraji wa mwanzo wa Afrika Mashariki kutambuliwa ng'ambo, na alikuwa pia mwandishi wa Kiswahili.

Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Msomaji aliyekulia Ruiru au Thika anaijua kahawa, ila ya huku ilihusishwa kwa miaka mingi na mashamba makubwa ya walowezi. Kwa Wachagga, kahawa ilimea chini ya migomba katika kihamba cha mwenyeji, karibu na mlango wa nyumba yake. Kihamba hicho ndicho Ntiro alichokichora maisha yake yote.

Katika miaka ya 1940 alisomea sanaa Makerere chini ya Margaret Trowell. Mwalimu huyo alipenda kuwasimulia wanafunzi tukio, kisha kila mmoja akalichora kama alivyoliona akilini mwake. Mwanafasihi hatakosa kuona hapa uhusiano wa fanani na hadhira yake. Ntiro alihitimu, akawa mwalimu papo hapo Makerere, na mwaka 1952 akaenda London kuendeleza masomo katika chuo cha sanaa cha Slade.

Mwaka 1953, akiwa bado ugenini, kitabu chake Desturi za Wachagga kilichapishwa Nairobi. Miaka miwili baadaye, 1955, alifanya maonyesho yake binafsi katika Piccadilly Gallery, London. Matukio haya mawili hayafai kutenganishwa. Kitabu kiliwaeleza wasomaji wa Kiswahili mila za kwao; picha za rangi za mafuta ziliwaonyesha wakazi wa London kazi, sherehe na makazi ya watu hao hao. Mtu mmoja alikuwa akihifadhi jamii moja kwa lugha mbili: ya maneno na ya rangi.

Picha zake husimama kati ya uhalisia na udhahania. Watu ni wadogo, wanalingana kimo, na nyuso zao hazina alama za kumtofautisha huyu na yule. Vivuli ni haba. Migomba na vilima hupangwa kama ruwaza za kanga, wala havififii kwa umbali kama sheria za uchoraji wa Ulaya zinavyodai. Wapo waliouona mtindo huu kuwa wa kitoto. Shutuma hiyo haina mashiko. Aliyepita Makerere na Slade alizijua kanuni hizo barabara; kutozitumia kulikuwa uamuzi. Sisi tunaosoma fasihi simulizi tunawajua wahusika bapa wa ngano, na hatusemi kwamba mtambaji alishindwa kuwachora. Ubapa wao huipa jamii nzima nafasi ya kuonekana. Ndivyo ilivyo kwa Ntiro: mhusika wake mkuu ni kijiji.

Mfano bora ni picha aliyoichora mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kisasa la New York liliinunua mwaka 1960. Desturi ya Wachagga ikaingia katika hifadhi ile ile yenye kazi za Picasso na Matisse, bila kubadilishwa ili impendeze mgeni.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Ntiro aliteuliwa kuwa balozi wake nchini Uingereza, kazi aliyoifanya hadi 1964. Aliporejea nyumbani alishughulikia masuala ya utamaduni serikalini, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Utumishi huo ulimgharimu saa nyingi ambazo zingekuwa za turubai, lakini brashi hakuiweka chini. Alifariki mwaka 1993.

Mchango wake unatuachia deni. Mashamba ya kahawa ya Ruiru na Thika yamekuwa yakipisha mitaa ya nyumba mwaka hata mwaka, na mengi yametoweka kabla ya kuandikwa au kuchorwa na waliovuna humo. Ntiro hakungoja desturi za kwao zififie ndipo azitafutie maneno na rangi. Alipokichapisha kitabu chake alikuwa na umri wa miaka 30 tu, umri ambao wengi wetu tungali tukiandika tasnifu. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti angeweza kuanza hapo: akifungue Desturi za Wachagga, aweke kando yake picha ya mwaka 1956, na azisome pamoja kama kazi moja.